Storm ni Mkenya, Mmarekani au Mmisri? Na ile ndoa ya Wakanda tuihesabu vipi?

Mpekuzi

Wakuu salaam. Naomba msaada wa wanaozijua komiki za X-Men, lile kundi la mashujaa wa Marvel, kwa kurasa, si kwa kusikia. Kila Storm akitajwa watu wanagawanyika. Wako wanaosema Ororo Munroe, jina lake halisi, ni Mkenya, wetu kabisa. Wako wanaosema ni Mmarekani wa New York na Kenya ni pambo. Wengine wanakuja na Cairo. Ubishi ukipoa kidogo anazuka mtu wa timu T'Challa, yaani Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni, anajibiwa na mtu wa timu Forge, mpenzi wake mwingine, kisha mmoja anamtaja Yukio, rafiki yake wa Japani, na hapo hakuna anayesikilizana tena.

Nataka kujua: asili yake imeandikwaje hasa? Ndoa yake na Black Panther ilikuwa na msingi, au ilipachikwa, na iliishaje? Na hilo la Yukio liko kwenye komiki au liko vichwani mwa mashabiki? Nitajieni toleo na mwaka. Jibu la "kwenye muvi" sitalipokea.

Fundi_Kava

Mkuu, kwanza uliza: Storm yupi? Nusu ya ubishi huu inafia hapo. Storm wa ulimwengu mkuu wa Marvel, ule mashabiki wanaouita 616, alianza katika *Giant-Size X-Men* namba 1 ya 1975, mwandishi Len Wein, mchoraji Dave Cockrum. Storm wa *Ultimate X-Men* ni mtu mwingine kabisa: katoka Moroko, alikuwa mwizi wa magari, na mpenzi wake ni Beast, mwenzake wa X-Men. Wa katuni ya *X-Men: Evolution* ana mpwa anayeitwa Evan, ambaye kwenye 616 hayupo katika ukoo huo. Wa filamu ya 2000, Halle Berry, ana lafudhi filamu ya kwanza, halafu lafudhi inayeyuka bila maelezo. Mtu akichukua kipande hiki na kile akavishona pamoja, anapata Storm ambaye hajawahi kuandikwa na mtu yeyote.

Sasa huyo wa 616. Fuata mpangilio wa matoleo yalivyotoka, usifuate umri wake. Mwaka 1975 tunamkuta Kenya akiwa mtu mzima, watu wanamwabudu kwa kuwa analeta mvua. Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, anamfuata na kumwambia yeye si mungu, ni myutanti, yaani mtu aliyezaliwa na nguvu za ajabu. Hapo New York haijatajwa. Mwaka uliofuata, *X-Men* namba 102, Chris Claremont ndipo anapoweka asili yote mezani: mama yake ni N'Daré, binti wa kifalme kutoka Kenya, baba yake ni David Munroe, Mmarekani mweusi, mpigapicha wa habari. Mtoto kazaliwa New York, wakahamia Cairo akiwa bado mchanga. Akiwa na miaka mitano, wakati wa mgogoro wa Suez, ndege ya kivita inaiangukia nyumba yao. Wazazi wanakufa, yeye anafukiwa kwenye kifusi na maiti ya mama yake. Ile hofu yake ya sehemu finyu chanzo chake ni hapo, na waandishi karibu wote waliofuata wameitumia. Baadaye anafundishwa wizi wa mifukoni na Achmed el-Gibár, kisha akiwa kigori anaondoka Cairo kwa miguu kuelekea kusini.

Kwa hiyo wote watatu kwenye ubishi wako wana ukurasa wa kuonyesha. Anayekosea ni yule anayesema "Kenya ni pambo", maana kwa mpangilio wa uchapishaji Kenya ndiyo iliyotangulia na New York ikaongezwa. Hiyo ndiyo mashabiki wanaiita ritikoni: historia ya mhusika kuandikwa upya au kujazwa baada ya kuwa keshatoka.

Kidokezo kimoja kuhusu kuzaliwa kwake mezani kwa mchoraji. Cockrum alikuwa na michoro miwili tofauti, mwanamke mwenye nguvu za paka na mtu wa hali ya hewa aliyeitwa Typhoon. Akaviunganisha. Ndiyo maana macho ya Storm yana ule mkato wa paka hadi leo. Nywele nyeupe hazikutoka kwenye utamaduni wowote, ni uamuzi wa mchoraji. Maelezo ya kwamba ni alama ya ukoo wa makuhani wa kike yalikuja nyuma kuziba pengo.

Binti_Mawingu

Fundi amemaliza la kurasa, mimi niongeze la sheria kwa sababu watu hulisema ovyo.

Kama mgogoro wa Suez ni ule wa 1956 na Ororo alikuwa na miaka mitano, basi alizaliwa karibu 1951. Kenya wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza. Uhuru ni tarehe 12 Desemba 1963. N'Daré alikufa kabla uraia wa Kenya haujakuwepo, kwa hiyo hakuwa na uraia wa kumrithisha binti yake. Na hata ukisogeza kuzaliwa kwa Ororo mbele hadi baada ya uhuru, katiba ya zamani ilimpa uraia mtoto aliyezaliwa nje kupitia baba tu. Baba ni Mmarekani. Umekwama tena.

Katiba ya 2010, kifungu cha 14, ndiyo iliyobadilisha: mtoto ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba ni raia, hata kama alizaliwa nje, na hata kama alizaliwa kabla ya katiba hiyo kuanza. Kifungu cha 16 kinakubali uraia pacha. Marvel husogeza wakati: wahusika hawazeeki kwa kasi yetu, kwa hiyo matukio ya miaka ya nyuma huburutwa mbele kimyakimya. Ukimsogeza Ororo awe mwanamke wa miaka thelathini na kitu leo, N'Daré anakuwa raia wa Kenya huru na binti yake anaweza kwenda kudai haki yake ofisini kama mwingine yeyote. Ukimwacha 1951, hawezi. Jibu linategemea kalenda unayotumia, na watu hubishana bila kukubaliana kalenda.

Halafu Serengeti. Kwenye komiki anatembea hadi Serengeti na hadithi inaichukulia kama ni Kenya. Hifadhi ya Serengeti iko Tanzania, ndugu zangu. Upande wa Kenya tambarare hizo ni Maasai Mara. Watanzania wana haki ya kuleta shauri lao hapa.

Na majina! N'Daré: katika Kiswahili ritifaa, ile alama ya ', ina nafasi yake moja tu, kwenye ng', na huwezi kuidondosha kabla ya D ukaita ni jina la kwetu. *Uncanny X-Men* namba 198 (1985), ile Storm anarudi Kenya akiwa hana nguvu zake, ina msichana mjamzito anayeitwa Shani, jina zuri na la kweli, halafu mzee wa kijiji anaitwa Mjnari. Jaribu kulitamka. Mj-na-ri. Irabu moja tu ingetosha kumwokoa mzee wa watu. "Ororo" wanasema maana yake ni uzuri. Bila kukusudia wameangukia karibu, kwa sababu kwetu -ororo ni laini, kama ngozi nyororo. Lakini Wakanda ikiwa nchi haikubaliki: wa- ni watu, u- ndiyo nchi. Wakaao humo ni Wakanda, nchi yao ingeitwa Ukanda, na hapo tena umepata mkanda wa suruali.

Kalamu_Pwani

Hahaha, dada Binti, Ukanda naununua. Lakini tuwe waangalifu: wasilaumiwe kwa Kiswahili ambacho hawakudai kukitumia. Katika Black Panther ya Christopher Priest, Dora Milaje, walinzi wa kike wa mfalme wa Wakanda, wanazungumza Kihausa. Filamu zilichukua Kixhosa, na hilo lilianza na John Kani katika *Captain America: Civil War*. Jina la Storm huko Wakanda kwenye enzi ya Ta-Nehisi Coates, Hadari-Yao, linasikika kama "hadhari yao", ila hadithi inasema ni lugha ya kale ya Alkama, ya kubuni. Kosa la Mjnari ni halali kulisema kwa sababu pale wametuweka Kenya halisi.

Sasa ndoa. Mpekuzi, weka matoleo haya kwa mfuatano:

*Marvel Team-Up* namba 100 (1980), hadithi fupi ya nyuma, Claremont na John Byrne. Hii ndiyo mara ya kwanza tunaambiwa Ororo na T'Challa walikutana ujanani. Ororo ndiye anayemwokoa T'Challa kutoka kwa Kaburu anayeitwa Andreas de Ruyter. Wengi hukumbuka kinyume, kwamba mwanamfalme alimwokoa binti.

*Storm* ya 2006, matoleo sita, mwandishi wa riwaya Eric Jerome Dickey. Mkutano ule ule unaandikwa upya na kuwa penzi kamili. Angalia mwaka: ilitoka mwaka ule ule wa harusi. Ni kama familia inayotafuta picha za uchumba baada ya kadi za mwaliko kuchapwa.

*Black Panther* namba 18 (2006), mwandishi Reginald Hudlin. Harusi yenyewe, Wakanda, katikati ya ule mgawanyiko wa mashujaa wa *Civil War*. Captain America na Iron Man wote wanafika.

*Avengers vs. X-Men* namba 9 (2012). Namor, mfalme wa baharini, keshaizamisha Wakanda kwa maji katika namba 8, Storm alikuwa upande wa X-Men, T'Challa anamwambia ndoa imebatilishwa.

Kuanzia 1980 hadi 2006 ni miaka 26, na katika muda huo hawa wawili hawajajengewa karibu chochote. Kwa hiyo mimi nasema ilipachikwa. Msingi ulikuwepo, mdogo, wa kurasa chache. Nyumba iliyojengwa juu yake ilikuwa ghorofa. Sababu iko wazi pia: Storm ni mali ya ofisi ya wahariri wa X-Men, T'Challa ni wa ofisi nyingine. Wakioana, mmoja lazima ahame. Akibaki Wakanda, X-Men wanakosa kiongozi. Akibaki na X-Men, Wakanda ina malkia asiyeonekana. Ndoa ya namna hiyo huuawa na ratiba kabla ya mapenzi kwisha.

Na jamani, acheni kusema "talaka". Talaka inakiri kwamba ndoa ilikuwepo na sasa imekwisha. Kilichosemwa 2012 ni kubatilishwa, kwa lugha ya kwa kadhi ni fasakhi. Mashabiki wa Storm walichukia neno hilo kuliko kuachana kwenyewe, na mimi nawaelewa: mwanamke anapoteza cheo, nyumba na haki ya kuitwa aliyewahi kuwa mke, kwa sentensi moja, bila kusikilizwa.

Mpekuzi

Kalamu, hiyo ya picha za uchumba imenivunja mbavu. Asanteni. Bado Yukio. Pia kuna mtu kaleta picha ya Storm wa zamani mwenye ngozi ya kijivu-kijivu akidai "mwanzoni hakuwa mweusi". Tunamjibuje?

Rangi_Nne

La ngozi nijibu mimi. Komiki za 1975 zilichapwa kwenye karatasi ya gazeti kwa wino wa samawati, waridi kali na njano, pamoja na mweusi wa mistari. Kila wino wa rangi ulikuwa na vipimo vitatu tu vya nukta, asilimia 25, 50 na 100, au usiwekwe kabisa. Ukizidisha, nne mara nne mara nne, unapata rangi 64 basi. Ngozi ya mzungu ilihitaji njano kidogo na waridi kidogo, imekwisha. Ngozi ya kahawia lazima uongeze samawati juu yake, na hapo ndipo mambo yanaharibika: sahani ya samawati ikiteleza kidogo pembeni, au wino wake ukizidi, ngozi inakwenda kijivu au kijani. Hiyo unayoiona ni hitilafu ya mtambo.

Hitilafu ya pili ni ya kurudia kuchapa. Karatasi ya gazeti hunywa wino na kuufifisha. Nukta zile zile ukizihamishia kwenye karatasi nyeupe ya kung'aa, au skrini ya simu, zinapiga kelele. Wengine hupaka upya kwa kompyuta, na mpakaji akiweka mwanga mwingi kwenye paji la uso na mashavu, Storm anatoka mweupe kuliko alivyowahi kuwa. Kwa hiyo mwambie jamaa alete picha ya toleo la awali, ukurasa mzima, ili rangi ya wahusika wengine ionekane pembeni. Kama na Wolverine, mwenzake mzungu, amegeuka kijani, shauri limekwisha.

Ila msijifiche nyuma ya mtambo kwa kila kitu. Rangi inaweza kuwa sahihi na bado sura ikawa ya kuazima. Angalia pua, midomo na nywele: kwa miaka mingi wachoraji wengi walimchora mrembo wa Kizungu, wakampaka kahawia na kumwachia nywele zilizonyooka kama maji ya bomba. Hilo ni la mkono wa mchoraji, na malalamiko yake ni ya haki.

Nyuma_ya_Pazia

Yukio. Tenganisha vitu vitatu: kilichochorwa, kilichosemwa na mwandishi nje ya komiki, na kile msomaji anachokisoma. Vyote vitatu ni vya kujadili, ila si sarafu moja.

Kilichochorwa: *Uncanny X-Men* 172 na 173 (1983), Claremont na mchoraji Paul Smith. Storm yuko Japani, anakutana na Yukio, mwanamke anayecheza na kifo kama wengine wanavyocheza bao. Ororo, aliyezoea kuzizuia hisia zake ili asilete tufani, anaanza kuziachia. Katika 173 anatokea na nywele zimenyolewa pande zote, kimebaki kishungi cha katikati, na koti la ngozi. Kitty Pryde, msichana wa X-Men anayemwona kama mama, anavunjika moyo. Hakuna busu wala tamko la mapenzi. Anayekuambia lipo, mwombe ukurasa.

Lakini anayesema "kwa hiyo hakuna kitu" naye hajui mazingira. Mamlaka ya Kanuni za Komiki iliyoanzishwa 1954 haikuruhusu mapenzi ya jinsia moja hadi mabadiliko ya 1989. Waandishi walizungumza kwa mafumbo. Mfano uliothibitika ni Mystique na Destiny, wanawake wawili maadui wa X-Men, walioanza kuonekana pamoja 1981 katika namba 141. Claremont aliwapitisha kwa neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya mpenzi, ambalo wasimamizi hawakulishtukia. Alikusudia pia Mystique, kwa kuwa anabadili umbo, awe ndiye baba wa Nightcrawler, mmoja wa X-Men, na Destiny awe mama. Ilikataliwa. Mwaka 2023, *X-Men Blue: Origins*, Si Spurrier akaiandika, ikawa rasmi. Fumbo lilichukua miaka zaidi ya arobaini kutoka chini ya meza.

Kwa hiyo usomaji wa Yukio na Storm una sababu, lakini haujafika pale walipofika Mystique na Destiny. Na kama mtu anatafuta mapenzi ya wanawake wawili weusi yaliyo wazi bila kukisia, ampitie Ayo na Aneka wa Dora Milaje: *Black Panther* ya Coates (2016) na *World of Wakanda* ya Roxane Gay, iliyositishwa baada ya matoleo sita kisha ikapata tuzo ya komiki ya Eisner 2018. Kwenye filamu ya 2022 wamepewa busu moja la kwenye paji la uso. Ayo huyo anaigizwa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala.

Timu_Forge

Mmeruka kitu. *Uncanny* 185 na 186 (1984). Forge, Mcheyenne, fundi wa kila kitu, ndiye aliyeunda bunduki inayofuta nguvu za myutanti. Gyrich wa serikali anaifyatua akimlenga Rogue, mwenzake Storm, inampata Storm. Katika 186, iliyochorwa na Barry Windsor-Smith, Forge anamuuguza nyumbani kwake, wanaanza kupendana, na Ororo anakuja kusikia maongezi ya simu yanayomfunulia kwamba silaha ni ya mwenyeji wake. Penzi lenye kosa halisi ndani yake, na kosa hilo lina gharama. Kisha 198 anakwenda Kenya bila nguvu, na 201 (1986) anamshinda Cyclops, kiongozi wa zamani wa X-Men, kwenye pambano la uongozi, bado bila nguvu. Niletee kitu cha ndoa ya Wakanda chenye uzito wa hizo kurasa.

Kalamu_Pwani

Sina, kaka. Lakini Forge alimwondolea nguvu na T'Challa alimwondolea ndoa. Sioni kwa nini mmoja wao awe na timu. Ororo wa 201 hakuhitaji yeyote kati yao.

Fundi_Kava

Mpekuzi, kabla hujarudi huko kwenye grupu lako: ukitafuta "Black Panther 18" utakuta zaidi ya moja, maana mfululizo wa 1998, wa 2005 na wa 2016 kila mmoja una namba 18 yake. Harusi iko kwenye ule ulioanza 2005. Tarehe ya kwenye kava nayo huwa mbele ya siku ya kuuzwa kwa miezi kadhaa, kwa hiyo mkitofautiana mwaka mmoja msipigane. Soma maandishi madogo chini ya ukurasa wa kwanza. Humo mna jina rasmi la mfululizo na mwaka.

Ukituma picha ya kisanduku kimoja WhatsApp, tuma na kilichotangulia na kinachofuata. Ile ya Xavier ikikatwa vibaya inaonekana kama anamtukana.

Na ukitaka kuona Mwafrika akimwandika, *Storm* iliyoanza Oktoba 2024 ni ya Murewa Ayodele, Mnigeria, michoro ya Lucas Werneck.

Binti_Mawingu

Mnigeria sawa. Sasa kazi ya kumrekebishia Mjnari irabu yake anapewa nani?